Njia ya kilovolti 400 Iringa–Mbeya–Tunduma hadi Zambia: nani analipa, na gridi mbili zinaungwaje bila kuangushana?

MkaziWaUyole

Wakuu, habari za humu. Naomba wenye kuijua gridi, na wenye kujua fedha za miradi, wanisaidie kuuelewa mradi wa TAZA (wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia), maana taarifa nyingi zinaishia kwenye kilomita na mabilioni.

Ninavyofahamu, njia ya kilovolti 400 inaanzia Tagamenda Iringa, inapita Kisada kule Mufindi, inaingia Iganjo hapa Mbeya, inakwenda Nkangamo upande wa Tunduma, kisha Malangali Sumbawanga. Jumla ni kama kilomita 620. Kutoka Tunduma kuna kipande cha kuvuka mpaka ili kuungana na ZESCO, shirika la umeme la Zambia.

Mkopo wa kazi kubwa kama hii nani anaulipa mwishoni, na unaingiaje kwenye bei ya uniti? Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sasa kwa nini watu wa mbali na vituo tunapata umeme mdogo jioni? Tukishaungana na Zambia, wao wakipata hitilafu na sisi tunazimika? Na la mwisho: ushirika wetu Makete unafikiria mtambo wa maji wa megawati 2. Je, njia hii inatufungulia soko la nje?

HesabuZaNishati

Mkuu, naanza na fedha kwa kuwa ndizo zinazoamua mengine.

Juni 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa IDA (tawi lake la mikopo nafuu) wa dola milioni 455 kwa upande wa Tanzania, na Shirika la Maendeleo la Ufaransa pamoja na Umoja wa Ulaya wakaingia kuchangia. Fedha za upande wa Zambia ziliidhinishwa 2024. Pengo hilo la miaka lina gharama. Fedha iliyokwisha kuchukuliwa inadai riba hata kama ng'ambo ya mpaka hakuna nguzo hata moja. Kwa bahati nzuri mradi huu haukutegemea mpaka peke yake: kipande cha Iringa hadi Sumbawanga kina kazi yake ya ndani hata kabla ya Zambia kufika. Ingekuwa ni waya wa kuvuka mpaka tu, hesabu ingekuwa mbaya sana.

IDA ina dirisha la miradi ya kikanda. Utaratibu wake wa kawaida ni kwamba nchi inatoa theluthi moja kutoka kwenye mgao wake yenyewe, na theluthi mbili zinatoka kwenye fungu la kanda. Yaani mradi unaogusa nchi mbili unaila kidogo sehemu ya fedha ambayo ingejenga barabara au shule. Ndiyo maana miradi ya namna hii inapitishwa hata pale ambapo kila nchi kivyake isingeipa kipaumbele.

Mkopaji ni Serikali. Hazina inasaini na benki, kisha inaikopesha TANESCO kwa mkataba wa ndani. Mkataba huo wa pili ndio wa kuuangalia. Mkopo unaweza kuwa nafuu kwenye karatasi ya kwanza na ukawa ghali kwenye ya pili, kutegemea Hazina imepanga riba gani, muda gani, na hatari ya dola imembebesha nani.

Chukua mfano wa hesabu, siyo takwimu za mradi. Kila dola milioni 100 ikilipwa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 3, marejesho ni kama dola milioni 5.1 kwa mwaka. Ikikopwa kibiashara kwa miaka 15 na asilimia 8, ni kama milioni 11.7. Sasa pitisha umeme. Megawati 200 zikitumika kwa asilimia 60 ya mwaka ni takribani uniti bilioni 1.05. Gawanya: mkopo nafuu unaongeza kama nusu senti ya dola kwa uniti, mkopo wa kibiashara senti 1.1. Lakini njia ileile ikitumika kwa asilimia 20 tu, nusu senti inakuwa senti 1.5, na senti 1.1 inapanda hadi 3.3. Senti 3.3 za usafirishaji peke yake, kabla ya kulipa aliyezalisha, zinaua biashara yoyote ya umeme. Kwa hiyo swali la kuwauliza wanaosimamia ni hili: waya umefungiwa mikataba ya uniti ngapi kwa mwaka? Gharama ya ujenzi bila jibu hilo haikuambii kitu.

Kuhusu dola: mteja wa Mwanjelwa analipa kwa shilingi, mkopo unalipwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka asilimia 10, marejesho kwa shilingi yanapanda asilimia 11 bila uniti hata moja kuongezeka. Kinga ya asili ni kuuza umeme nje kwa dola, na soko la SAPP (umoja wa gridi za kusini mwa Afrika) linafanya malipo kwa dola au randi. Kwa hiyo kuuza Zambia kuna faida ya pili ambayo haionekani kwenye megawati.

Jambo la mwisho upande huu ni dhamana ya malipo. Mashirika ya umeme ya kanda yetu yamekuwa yakidaiana kwa muda mrefu. Mkataba wa kuuziana ukikosa barua ya dhamana ya benki inayofunika angalau miezi miwili au mitatu ya ankara, pamoja na kifungu cha kulipia kiasi cha chini hata usipochukua, muuzaji atakuwa anatoa umeme na kupewa ahadi. Mita ziwe pande zote mbili za mpaka, kuu na ya kuhakiki, za daraja la usahihi 0.2, zikisoma kila saa au nusu saa. Ugomvi mwingi wa ankara huanzia kwenye upotevu kati ya mita na mstari wa mpaka: kama mkataba hausemi nani anaubeba, kila upande utauweka kwa mwenzake.

RileiNaBreka

Nijibu la umeme mdogo na la kuzimika pamoja.

Megawati za Nyerere zipo. Shida ni barabara ya kuzileta huku. Mashine tisa za megawati 235 zinatoa umeme wao kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi zimelishwa na mnyororo wa kilovolti 220 unaotoka Kidatu (megawati 204) kuja Iringa, ukiongezewa na Kihansi (megawati 180) na Mtera (megawati 80), halafu Mufindi, halafu Mbeya. Mbeya iko mkiani. Njia ya kilovolti 220 inabeba vizuri kiasi cha megawati 130 hadi 150. Ukiilazimisha zaidi kwa umbali huo, volteji ya mwisho inashuka, transfoma za kituo zinapandisha tepu (hatua za kurekebisha volteji) hadi zinafika kikomo, na baada ya hapo mteja aliye mwisho wa laini ya kilovolti 33 ndiye anayeona taa zimefifia saa moja jioni. Ukiongeza mtambo Rufiji hujagusa tatizo hilo hata kidogo.

Kilovolti 400 inalitibu kwa sababu mbili. Megawati 200 kwenye kilovolti 220 zinahitaji ampea 525. Kwenye kilovolti 400 ni ampea 289. Kwa waya wa unene uleule upotevu unapungua mara 3.3. Pili, uwezo wa kubeba kwa umbali mrefu unapanda hadi megawati mia tano na zaidi kwa kila mzunguko (seti ya waya tatu), na hapa mizunguko ni miwili. Lakini ili umeme wa Nyerere ufike Iringa kwa msongo huohuo, kiungo cha Chalinze–Dodoma cha kilovolti 400 ni cha lazima, kwa kuwa kutoka Dodoma hadi Iringa njia kubwa tayari ipo: ni sehemu ya ule uti wa mgongo wa Iringa–Dodoma–Singida–Shinyanga. Watu wanausahau mno mkono huo wanapoizungumzia TAZA.

Sasa kuna kinyume chake ambacho wengi hawakitarajii. Njia ndefu ikiwa haina mzigo, volteji haishuki, inapanda. Waya wenyewe ni kapasita. Kwenye kilovolti 400 kila kilomita ya mzunguko mmoja inazalisha kama megavari 0.6 za nguvu riaktivu (ile isiyofanya kazi kwa mteja bali inapandisha au kushusha volteji), kwa hiyo kilomita 620 za mizunguko miwili ni zaidi ya megavari 700. Ukiwasha kilomita 300 upande mmoja na kuuacha mwisho wazi, mwisho utakuwa juu ya mwanzo kwa asilimia 5 hivi. Ukiwasha 620 kwa mkupuo bila kitu cha kuzuia, hesabu inakupa asilimia 26: kilovolti 400 inakuwa zaidi ya 500, na vifaa vya kituo vimetengenezwa kuvumilia 420. Ndiyo sababu ya kufunga riakta (koili kubwa zinazovuta nguvu riaktivu na kushusha volteji) kwenye vituo vya njiani na kuwasha kipande kwa kipande, kituo hadi kituo. Usiku wa manane, mzigo wa Sumbawanga na Tunduma ukiwa mdogo, riakta moja ikiwa kwenye matengenezo, waendeshaji wanaweza kulazimika kuzima mzunguko mmoja ili kuishusha volteji. Mtu akiona hivyo asiseme mradi umeharibika.

Riakta hizo zina kazi nyingine inayohusu huku kwetu moja kwa moja. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za Nyanda za Juu ni nyingi, na hitilafu nyingi za radi zinagusa waya mmoja tu kati ya mitatu. Badala ya kukata njia nzima, breka inafungua fezi hiyo moja kwa nusu sekunde hadi sekunde moja, moto wa hewani unazimika, inafunga tena, mteja hajui. Lakini fezi mbili zilizobaki zinaendelea kuuchochea moto huo kupitia hewa. Dawa ni riakta ndogo ya nne inayowekwa kwenye nyota ya riakta kubwa, kati yake na ardhi. Ikikosewa ukubwa, moto hauzimiki, breka inafunga juu ya hitilafu, na njia nzima inaondoka. Kifaa kidogo, lakini kinaamua kama msimu wa mvua utakuwa wa amani.

Chini ya nguzo nako kuna kazi. Ardhi ya mawe ya juu ya bonde la ufa haipitishi umeme vizuri. Mguu wa nguzo ukiwa na upinzani wa omu 40 au 50 badala ya kubaki chini ya 15 au 20, radi ikipiga waya wa juu inashindwa kuteremka haraka, inaruka kwenye vikombe (vihami vinavyoshikilia waya) kuelekea waya wa umeme. Inabidi kuzika waya mirefu ya kuongeza ardhi kutoka kila mguu, na kupima kila nguzo kabla ya kufunga waya wa juu, maana ukishaufunga nguzo zote zimeungana na kipimo cha kawaida kitakudanganya.

Kuhusu Zambia kutuangusha: hatari ipo, na inadhibitika.

Kenya na sisi tumeshaungana tangu Desemba 2024 kwa kilovolti 400 kupitia Namanga, kwa hiyo Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania tunazunguka kwa masafa mamoja (mapigo ya umeme kwa sekunde, yaani hertzi). Tukiungana na Zambia kwa njia ya kawaida tunaingia kwenye mwili mmoja na Kongo ya kusini, Zimbabwe, Msumbiji hadi Afrika Kusini. Mitambo ya huko ni mizito mno kuliko yetu. Faida: masafa yatatulia, mashine moja ikianguka Kihansi hutaona sindano ikicheza. Hasara: kati ya mafungu mawili makubwa kuna uzi mmoja mrefu na mwembamba, na mafungu yanaweza kuanza kuyumbishana polepole, mara moja kila sekunde mbili hadi tano. Umeme kwenye njia ya Tunduma utapanda megawati 100, ushuke, upande, na kama hakuna kinachouzuia, mtikisiko unakua hadi rilei (vifaa vya ulinzi vinavyoamuru breka) zinakata.

Kinachouzuia ni vidhibiti vya mtikisiko vinavyofungwa kwenye mfumo wa kusisimua jenereta. Mashine za kisasa zinakuja navyo. Kasoro ya kawaida ni kwamba vipo lakini havijawashwa, au vimepangwa kwa mtikisiko wa haraka wa ndani ya kituo na havioni ule wa polepole. Kabla ya kufunga breka ya mpaka, kila mtambo mkubwa, kuanzia Nyerere, Kidatu na Kihansi hadi Kariba na Kafue, unapaswa kupimwa upya na namba zake kuingizwa kwenye modeli moja ya pamoja. Kazi hii haina utepe wa kukatwa, na ndiyo inayocheleweshwa zaidi.

Halafu kuna kikomo cha kuanzia. Usipokee kwenye uzi mmoja umeme mwingi kuliko kipande kikubwa ambacho tayari unajua kukipoteza. Kwetu kipande hicho ni mashine moja ya Nyerere, megawati 235. Ukiwa unapokea 200 na njia ikakatika, akiba inayozunguka (nafasi iliyobaki kwenye mashine zinazofanya kazi) inatosha. Ukiwa unapokea 500, masafa yanashuka kuelekea hertzi 49 na rilei za kupunguza mzigo zinaanza kuzima mitaa, hiyo ni kazi yake. Kiwango kinapanda kadiri majaribio yanavyoonyesha usalama.

Siku yenyewe ya kuunganisha, rilei ya kuoanisha inaruhusu breka kufunga pale tu tofauti ya volteji iko chini ya asilimia 10 hivi, masafa hayapishani zaidi ya hertzi 0.1, na pembe haizidi nyuzi 20. Kabla ya hapo unahakiki mpangilio wa fezi pande zote mbili kwa kupima. Majina ya fezi kwenye michoro ya mashirika mawili hayalingani kila mara, na fezi zikipishana hapo breka inafunga juu ya mzunguko mfupi.

MkaziWaUyole

Asante sana mkuu, nimeelewa mengi. Swali la nyongeza: Ethiopia na Kenya walitumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC). Kwa nini na sisi tusifanye hivyo mpakani ili mtikisiko usivuke?

RileiNaBreka

Njia ya Wolayta Sodo hadi Suswa ni kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000. Kwa umbali huo mkondo mnyoofu ni nafuu, na unaitenga Ethiopia isitikisike na wengine. Kwetu mpaka uko katikati ya njia yenye vituo kila baada ya kilomita mia na kitu, na kila kituo kinatakiwa kulisha watu. Mkondo mnyoofu haukuruhusu kushukia Mafinga wala Vwawa kwa bei ya kawaida.

Ipo njia ya tatu: vibadilishaji viwili vinavyokaa mgongo kwa mgongo ndani ya kituo kimoja, pande zote zikiwa mkondo geu (AC, umeme wa kawaida wa gridi). Inazuia mtikisiko, inakupa mkono wa kuamua megawati ngapi zipite, na inaachana na usumbufu wa 400 ya kwetu na 330 ya Zambia. Lakini kifaa hicho kina gharama kubwa ya kwanza, kinahitaji vipoza, vichujio, vipuri vya kuagiza mbali na mafundi waliosomea. Na kinakunyima msaada wa masafa kutoka kusini, labda ukipange makusudi kutoa huo msaada. Kwa maoni yangu anza na transfoma za 400/330 na vidhibiti vilivyopimwa vizuri, acha eneo la kutosha kituoni kwa kibadilishaji endapo majaribio yatalazimisha. Ardhi ya ziada leo ni rahisi kuliko kubomoa kesho.

MthaminiKusini

Mmesema ya fedha na mitambo, ila njia nyingi za umeme zinachelewa shambani.

Mkuza (ukanda wa ardhi unaotwaliwa chini ya njia) wa kilovolti 400 ni kama mita 50 kwa upana. Zidisha kwa kilomita 620, ni zaidi ya hekta 3,000. Kuanzia Iringa hadi Mbeya hekta hizo zina misonobari, mikaratusi, chai, parachichi na viazi. Mazao mafupi kama mahindi, maharage na viazi yanaruhusiwa kuendelea chini ya waya baada ya ujenzi kwa masharti. Miti ya mbao hairuhusiwi, na parachichi nayo hairuhusiwi kwa kuwa ukiiacha inapanda. Mkulima wa Mufindi mwenye misonobari ya miaka saba anapoteza mti ambao bado haujafika bei. Mthamini akiuhesabu kwa bei ya kuni ya leo amemwonea, inatakiwa ahesabu thamani ya mti unaokua.

Kwa sheria zetu fidia ina zaidi ya thamani ya ardhi na maendelezo: kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayehama nyumba, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakipita miezi sita, riba inaanza kudaiwa. Uthamini wenyewe una ukomo wa miaka miwili. Ukipita bila kulipwa unarudiwa. Hapo ndipo kuchelewa kwa mkopo kunapogeuka kuwa gharama mpya: mashamba yanathaminiwa, fedha haijafika, muda unaisha, wathamini wanarudi na bei imepanda.

Masharti ya Benki ya Dunia yanaongeza kitu kimoja muhimu. Nyumba inalipwa kwa gharama ya kuijenga upya bila kutoa uchakavu, na asiye na hati naye anahesabiwa kwa alichojenga na alichopanda. Mwananchi ahakikishe jina kwenye fomu linafanana na kitambulisho na akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Mirathi ambayo haijafunguliwa ndiyo inayokwamisha malipo mengi vijijini: shamba ni la marehemu, watoto wako Dar na Tunduma, hakuna msimamizi. Familia yenye hali hiyo ianze mahakama ya mwanzo mapema, isisubiri hundi.

Na jambo la baada ya ujenzi: Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba. Moshi mzito na cheche chini ya waya za kilovolti 400 vinaweza kurusha umeme hadi ardhini na kuikata njia nzima bila mti kuanguka. Makubaliano ya kufyeka na kulinda mkuza yakipewa vikundi vya vijiji kwa malipo, njia inakaa vizuri kuliko kuleta mkandarasi mara moja kwa mwaka. Uzio wa waya unaokwenda sambamba na njia ufungwe ardhi kila baada ya umbali mfupi, maana unavuta umeme wa kuambukizwa na ng'ombe wanarushwa.

HesabuZaNishati

Nimekumbuka jambo linalohusu mvua. Mwaka wa El Niño mara nyingi huleta mvua nyingi Afrika Mashariki na ukame kusini. Msimu wa 2023/24 ulionyesha wazi: Rufiji ilifurika wakati Zambia imetangaza ukame kuwa janga la taifa na Kariba imekauka kiasi cha kuleta mgao mkali. La Niña inageuza mara nyingi, na mwishoni mwa 2021 sisi ndio tuliokuwa tunalia na mabwawa. Nchi mbili zinazotegemea maji lakini hazikauki kwa pamoja zina sababu nzuri kabisa ya kuungana, kuliko kila moja kujenga mitambo ya mafuta ya kukaa ikisubiri mwaka mbaya.

Jua linaongezea. Zambia imewasha megawati 100 za Chisamba 2025. Mchana tukipokea jua la kwao, Mtera inabakisha maji, jioni tunayashusha Mtera na Kidatu na kuwarudishia. Mikataba ya kudumu ya megawati fulani saa 24 haiwezi kufanya hivyo. Inahitaji soko la siku moja mbele, bei saa kwa saa. SAPP wanalo tangu 2009 na Tanzania ni mwanachama wa SAPP na wa EAPP (umoja kama huo wa Afrika Mashariki) pia, kwa hiyo kinachotakiwa ni waya, mita na watu wa kukaa kwenye dawati la biashara kila siku.

Na Sumbawanga msiisahau. Rukwa kwa miaka imenunua umeme wa Zambia kupitia njia ya kilovolti 66 kutoka Mbala. Biashara ya kuvuka mpaka huku siyo ngeni. Kinachobadilika ni ukubwa na mwelekeo.

BwawaDogo

Ndugu wa Uyole, nijibu la ushirika wa Makete moja kwa moja. Kwa megawati 2 hamtauza Zambia. Mtauza TANESCO kwa mkataba sanifu wa wazalishaji wadogo, ambao ni kwa mitambo hadi megawati 10, bei ikisimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Faida ya njia kubwa kwenu haiji moja kwa moja: gridi ya kusini ikiwa imara, laini ya kilovolti 33 inakatika mara chache, na kila saa laini ikiwa imezimwa mtambo wenu haulipwi huku maji yakipita juu ya banio bure. Mwenga kule Mufindi, megawati 4, ni mfano wa karibu wa mtambo wa maji unaouza gridi na kulisha vijiji kwa pamoja. Nendeni mkaone mfumo wao wa usambazaji.

Kitakachowasumbua kwanza ni volteji kupanda. Tuseme mko kilomita 40 kutoka kituo kwa waya wa alumini wa milimita mraba 100. Upinzani ni kama omu 12. Megawati 2 zitapandisha volteji kwa asilimia 2.2 hapo mlipo. Siyo mbaya. Mkifikiria megawati 5 kwenye waya huohuo ni asilimia 5.5, na usiku mzigo ukiwa mdogo mtagonga kikomo, rilei ya volteji itawatoa. Dawa ni jenereta ya sinkroni, siyo ya induksheni, yenye kidhibiti kinachoweza kuvuta nguvu riaktivu. Mkivuta megavari 1.6 mnashusha kama asilimia 2. Hilo liandikwe kwenye zabuni ya jenereta tangu mwanzo, kwa sababu jenereta iliyonunuliwa kwa kipimo cha kubana haina nafasi hiyo.

La pili ni usalama. TANESCO wakizima laini kwa matengenezo, mtambo wenu lazima ujitoe wenyewe mara moja, vinginevyo mtakuwa mnarudisha umeme kwenye waya ambao fundi ameushika. Rilei za masafa, za volteji na za kasi ya mabadiliko ya masafa ziwepo na zijaribiwe mbele ya mhandisi wao. Breka ya kituo cha kwanza nayo isijifunge yenyewe kabla ya kuhakikisha laini haina umeme.

MkaziWaUyole

Shukrani sana. Tukienda ofisi ya mkoa ya TANESCO tuanze kuomba nini, ili tusirudishwe?

BwawaDogo

Ombeni kwa barua vitu vinne: mzigo wa chini kabisa na wa juu kabisa wa laini ya kilovolti 33 mtakayoungana nayo, kwa miezi 12, nguvu ya mzunguko mfupi kwenye kituo inakoanzia, aina na urefu wa waya hadi eneo lenu, na rekodi ya kukatika kwa laini hiyo, saa na sababu. Mzigo wa chini ukiwa pungufu ya megawati 2, umeme wenu utapanda kurudi kwenye transfoma ya kituo, na kidhibiti cha tepu kiwe cha kuelewa mtiririko wa kinyume.

Nyie mpeleke vipimo vya mto vya angalau mwaka mmoja kamili, kiangazi kikiwemo, kibali cha maji kutoka bodi ya bonde, na ramani ya njia hadi laini ilipo. Kipimo cha mto cha masika peke yake msikipeleke. Mto wa Makete Oktoba siyo ule wa Machi, na hesabu ya mkopo itasimamia Oktoba.

MthaminiKusini

Niongeze kwa Makete: kile kipande chenu cha kutoka mtamboni hadi laini nacho ni mkuza. Ni mwembamba, lakini mkutano wa kijiji, muhtasari wenye sahihi na malipo ya miti vinahitajika vilevile. Fanyeni kabla ya kuagiza nguzo.